Uvimbe Haungoji Matuta

Jogoo wa jirani yao Stefania aliwika mapema kuliko majogoo wote wa Malangali huko Ufipa, na Adela alimchukia kwa moyo wake wote. Akimsikia tu, alijua kwamba usingizi umekwisha. Alijifunga nguo kiunoni, akapapasa ukuta mpaka jikoni, akapuliza makaa ya jana, kisha akapiga magoti mbele ya jiwe la kusagia. Nje mvua ya Februari ilinyesha taratibu, kama kibarua anayelipwa kwa siku. Ilikuwa inanyesha hivyo tangu juzi na haikuonyesha dalili ya kuchoka.

Adela alimwaga konzi ya ulezi juu ya jiwe, akashika jiwe dogo kwa mikono miwili, akaanza: mbele, nyuma, mbele, nyuma. Punje ya ulezi ni ndogo sana. Mtu anayeuona ugali umeshapikwa, mwekundu na laini, hawezi kujua mwenzake ametoa mgongo kiasi gani ili aupate. Adela alijua. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili tu, lakini magoti yake yalikuwa yameanza kuota sugu kama ya mwanamke mwenye watoto wanne.

Zamani, yaani kabla ya Krismasi, kazi hiyo ilikuwa ya mama yake, Bertilla. Adela aliteka maji, akafagia uwanja, akaenda shule ya misheni, ambako alisoma darasa la nne. Mambo yalibadilika Jumamosi moja walipokwenda mtoni kujitayarisha kwa Misa. Bertilla alimwomba binti yake amsugue mgongo kwa sababu mkono wake wa kushoto ulikuwa mzito. Adela alisugua, na mkono wake ulipopita ubavuni, pembeni ya titi la kushoto, vidole vyake vikagonga kitu kigumu. Kilikuwa na ukubwa wa punje ya njugumawe.

"Mama, hiki ni nini?"

"Hakiumi," Bertilla alijibu haraka, akavuta nguo yake. "Ni uvimbe tu. Jiwe la kusagia limeniletea. Miaka yote hii nimeliinamia, nyama zimejikusanya pahali pamoja. Wewe huoni sugu za magoti ya bibi yako? Na hii ni sugu, ila imekaa ndani."

"Baba anajua?"

"Baba yako ana matuta kichwani. Usimwambie mpaka matuta yaishe. Tena mambo ya kifua cha mwanamke hayazungumzwi uani. Umenisikia?"

Adela alisikia. Usiku huo aliwaza, na kwa akili yake ya kitoto akapata dawa. Ikiwa jiwe ndilo lililoleta uvimbe, basi mama aache jiwe, na uvimbe utakwisha wenyewe. Kesho yake alisema, "Mama, kuanzia leo nitasaga mimi." Bertilla alicheka, akakataa, kisha akakubali. Kusema kweli mkono wake ulikuwa umechoka, na mtu aliyechoka habishani sana na anayemsaidia.

Tangu hapo Adela alisaga kila alfajiri. Kila Jumamosi alimnong'oneza mama yake, "Umepungua?" na mama yake alimjibu, "Kidogo." Neno hilo "kidogo" lilimpa Adela nguvu ya kusaga juma jingine zima. Shuleni, lakini, hali yake ilikuwa mbaya. Siku moja Mwalimu Leonardi alikuwa anaeleza habari za mito, naye Adela akalala papo hapo, kichwa juu ya kibao cha kuandikia.

"Adela!" Mwalimu alisema. "Tunakufundisha au tunakubembeleza?"

Darasa zima lilicheka. Adhabu yake ilikuwa kupalilia bustani ya shule wakati wenzake wanacheza. Angeweza kumwambia mwalimu kwa nini amechoka, lakini alikuwa ameahidi kunyamaza. Alipalilia huku akipiga miayo.

Mwezi huo wa pili, baba yake, Gaudensi, hakuwa na habari nyingine ila matuta. Kila mtu wa Ufipa anajua hesabu hiyo. Udongo ukiwa umelowa, nyasi hukatwa na kufunikwa kwa udongo kuwa matuta ya duara, intumba, zioze humo ndani. Mwisho wa mwaka matuta huvunjwa na kusambazwa, na ulezi hupandwa. Lakini mvua ikikatika kabla ya matuta kupandishwa, ardhi hukauka, jembe hudunda, na mwaka unaofuata ghala hubaki na panya peke yao. Mwanamume mmoja hawezi kulimaliza shamba zima kwa wakati. Alois, kaka yake Adela, alikuwa amekwenda kufanya kazi ya mkonge huko Tanga, na hakuna aliyejua atarudi lini. Kwa hiyo Gaudensi alitegemea majirani, nao majirani hawaji kwa maneno matupu. Wanakuja kwa pombe ya ulezi. Pombe inataka kimea, kimea kinataka kusagwa, na msagaji alikuwa Adela.

Gaudensi alitangaza siku ya kazi. Kimea kilianza kusagwa. Sasa Adela alisaga alfajiri, akasaga tena akitoka shule, na mama yake alipojaribu kumpokea, mkono ulimshinda baada ya muda mfupi. Jumamosi ilipofika Adela hakuuliza. Alingoja mama yake abadilishe nguo, akachungulia. Uvimbe haukuwa umepungua hata chembe. Ulikuwa umekua, tena ngozi ya juu yake ilikuwa imebonyea, kana kwamba kuna mtu ndani anaivuta kwa uzi. Adela alipandwa na hasira. Alfajiri zote zile! Alikuwa amelipa jiwe magoti yake na usingizi wake, na jiwe halikurudisha kitu. Kwa mara ya kwanza aliogopa kweli kweli kwamba mama yake atakufa.

Asubuhi ya Jumatatu Gaudensi aliingia jikoni kutafuta kaa la kuwashia kiko chake. Alimkuta binti yake amelala mbele ya jiwe, shavu limeegemea jiwe lenyewe, uso umepakaa unga mwekundu.

"Adela! Unaumwa?"

"Hapana, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Mama yako yuko wapi? Kwa nini kila siku unasaga wewe? Nilidhani mnapokezana."

Adela alifungua mdomo ili aseme kwamba wanapokezana. Lakini uwongo nao unataka nguvu, na yeye hakuwa nazo tena. "Mama ana uvimbe kwenye titi," alisema. "Tangu kabla ya Krismasi. Alisema ni jiwe, nikasaga mimi ili upungue. Nimesaga, baba, nimesaga sana, wala haupungui." Akaangua kilio.

Gaudensi hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliketi juu ya kuni, kiko mkononi, hakukiwasha. Kisha akaita, "Mama Alois!"

Bertilla alikuja, akawatazama wote wawili, akaelewa. "Nilikukataza!" alimfokea Adela. "Mtoto gani hana kifua?"

"Mwache mtoto," Gaudensi alisema. "Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ningekuambia ungefanya nini? Ungeacha jembe?"

Gaudensi aliinamisha kichwa. Alijijua. Mwezi uliopita angesema vilevile, kwamba wangoje matuta yaishe. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kuwaza jambo na kumkuta mwanao amelala juu ya jiwe. "Vaa," alisema. "Tunakwenda kwa Sista leo hii."

Sista Marsiana alikuwa Mfipa mwenzao, mtu wa miraba minne, ndiye aliyetibu wagonjwa katika zahanati ya misheni. Watoto walimwogopa kwa sababu ya sindano zake, na watu wazima walimwogopa kwa sababu ya ulimi wake.

"Tumsifu Yesu Kristo," Bertilla alisalimu.

"Milele, amina. Ingia nyuma ya pazia."

Bertilla aliushika mkono wa Adela kwa nguvu, hivyo wote wawili wakaingia. Sista alipapasa titi la kushoto polepole, akapapasa la kulia, akabonyeza kwapa zote mbili, akarudia tena bila haraka.

"Unauma?"

"Hauumi hata kidogo, Sista. Ndiyo maana..."

"Ndiyo maana umekaa nao," Sista alimalizia. "Ungekuwa jipu, ungefika hapa siku ya pili unapiga mayowe."

"Ni jiwe la kusagia, Sista."

"Jiwe halina kosa. Wanawake wote wa Ufipa wanasaga. Ingekuwa jiwe, sote tungekuwa na uvimbe. Na wale masista wa Ulaya wasiojua hata kulishika jiwe, wao wanaupata wapi? Si jiwe, si jicho la mtu, wala si adhabu ya Mungu." Alinawa mikono, akamwita Gaudensi aliyekuwa amesimama mlangoni akizungusha kofia yake. "Sikilizeni. Uvimbe mwingi wa titi hauna hatari. Lakini huu ni mgumu, hauchezi vizuri chini ya kidole, na ngozi imevutwa ndani. Unaweza kuwa saratani. Siwezi kuapa kwa vidole tu. Anayeweza kujua ni daktari mpasuaji, na mpasuaji yuko Mbeya. Kwapani sijagusa kitu, na hilo ni jambo jema. Lori la Zubery linaondoka Alhamisi. Msikose."

"Tutakwenda baada ya matuta," Bertilla alisema kwa sauti ndogo.

"Saratani haina habari na matuta yako," Sista alijibu.

Walipofika nyumbani Bertilla alilipuka. "Uvimbe umekaa na mimi muda wote huu na haujanidai kitu. Mvua haitakaa! Watu wamekwisha alikwa. Kimea ndicho kile, nusu hakijasagwa. Mimi nikiondoka, nani atasaga? Adela amekwisha, umemwona mwenyewe. Bila unga hakuna pombe, bila pombe hakuna watu, bila watu hakuna matuta. Mwakani utawalisha nini, dawa za Mbeya?"

Gaudensi alitundika kofia yake msumarini, akakunja suruali, akaingia jikoni. Adela alisikia magoti yake yakilia alipoyakunja. Kisha akasikia jiwe: mbele, nyuma.

Hapo inafaa msomaji aelewe jambo moja. Mwanamume wa Kifipa wa siku zile hakupiga magoti mbele ya jiwe la kusagia. Hakukuwa na amri ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, iliyokataza, wala Padri hakulihubiri. Lilikuwa jambo lisilofanywa tu, kama vile mtu haendi kanisani amevaa ungo. Gaudensi alisaga vibaya. Nusu ya kimea ilirukia sakafuni, na kilichobaki kilitoka kama changarawe. Mlango wa jiko ulikuwa wazi, nao mchana ulikuwa mweupe.

Stefania alikuja kuomba moto. Alisimama kizingitini, kigae chake mkononi, akakodoa macho. Halafu akacheka mpaka akashika nguzo. "Jamani, njooni mwone! Baba Alois ameolewa!"

"Nimeolewa, ndiyo," Gaudensi alijibu bila kuinua kichwa, "tangu mwaka ule Padri alipotufungisha. Si wewe uliyemaliza kuku siku hiyo?"

Stefania aliondoka na kicheko chake, na kicheko kikapita nyumba hadi nyumba. Muda si muda watoto walikuwa wakichungulia kwenye ua. Adela alitamani ardhi ipasuke. "Baba, nifunge mlango?"

"Uache wazi. Ukiufunga watadhani naiba."

Bertilla alikuja akasimama nyuma ya mumewe. "Acha. Watu wanakucheka."

"Wacheke. Nikichoka kuchekwa nitakuambia."

"Unga wenyewe ni changarawe."

"Watakunywa hivyohivyo." Hapo Gaudensi aliliweka jiwe chini, akageuka, unga umejaa mpaka kwenye nyusi. "Twende Mbeya, Bertilla. Matuta nitafanya nitakayoweza nikirudi, yatakayobaki yabaki. Njaa tumeshapita nayo, tunajua njia zake. Kukaa bila wewe sijui, wala sitaki kujifunza."

Adela hakuwahi kumsikia baba yake akimwita mama kwa jina. Bertilla naye, nadhani, alikuwa amesahau. Aliketi chini pale pale mlangoni, mbele ya watoto wa watu, akalia kwa kwikwi. Alipomaliza alijifuta uso, akasema, "Adela, nitafutie ile nguo yangu ya Jumapili. Alhamisi nasafiri."

Zubery alikuwa kijana wa ukoo wa wafanyabiashara wa mjini, waliokuwa na duka na lori. Alipomwona Bertilla, alimwondoa abiria aliyekuwa amekwisha kaa mbele. "Mgonjwa atakaa na mimi hapa," alisema, kisha akamgeukia Gaudensi aliyekuwa akimsindikiza mkewe. "Baba, wewe panda juu ya magunia. Tope likituruhusu, inshallah, keshokutwa tutaiona Mbeya." Adela alisimama kando ya barabara mpaka mlio wa lori ukapotea. Alitaka kulia, lakini alikuwa amechoka mno hata kwa hilo.

Bibi yake Fransiska, mama yake Gaudensi, alikuja kutoka Kizwite kukaa naye, pamoja na fimbo yake na kikohozi chake. Siku zilikwenda kwa kujikokota. Mvua, shule, maji, kuni, na kila jioni macho barabarani. Mwalimu Leonardi alipata habari, akamwita Adela pembeni. "Kwa nini hukuniambia?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye aibu. Adela alijibu kwamba alikatazwa. Mwalimu alitikisa kichwa, akamwambia kuanzia siku hiyo akichoka aseme.

Mwezi wa tatu ukielekea mwisho, Gaudensi alirudi peke yake, ndevu zimemjaa. Bibi na Adela walimtazama usoni kabla hajatua mzigo.

"Yu hai," alisema kwanza. Kisha akaketi, akaeleza. Daktari alikuwa amemlaza Bertilla kwa dawa ya usingizi, akaliondoa titi la kushoto lote pamoja na uvimbe wake. Kipande kilipelekwa kupimwa. Ilikuwa saratani kweli. Daktari alisema wamewahi, ingawa alionya kwamba hakuna daktari anayeweza kuahidi kupona, na kwamba Bertilla atapaswa kurudi kupimwa kila baada ya miezi kadhaa.

"Wamemkata mwanangu!" Bibi alilia.

"Wamemkata, mama, ili abaki. Nilikaa naye. Alipoamka aliuliza kama mvua bado inanyesha."

Mvua ilikuwa ikikatika. Bibi alipika pombe kwa ule unga wa changarawe, na siku mpya ya kazi ilipotangazwa watu walikuja, ingawa si wote, maana wengi walikuwa na mashamba yao. Walikunywa wakitema makapi, wakamtania Gaudensi kuhusu usagaji wake, lakini jembe walilipiga. Nusu ya shamba ilipata matuta. Nusu nyingine ilibaki na nyasi zake, na ardhi ikaanza kuwa ngumu. Gaudensi aliitazama ile nusu kwa muda mrefu, ikamuuma. Kesho yake alipanda tena lori la Zubery.

Bertilla alirudi baada ya Pasaka. Adela alikuwa ametazamia furaha kama ya sikukuu, lakini mama aliyeshuka kutoka kwenye lori alikuwa mwembamba, wa kijivu, mkono wa kushoto ameukumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Alitembea mpaka nyumbani bila kumtazama mtu. Miezi iliyofuata haikuwa mizuri. Bertilla alichoka kwa kazi ndogo tu. Hakutaka kwenda Misa, kwa sababu aliona kila jicho linaangalia kifua chake. Kuna wanawake waliokataa kunywa kwenye kata yake, wakidhani saratani inaambukiza kama upele. Gaudensi aliwaeleza kwamba haiambukizi, wengine wakaamini, wengine wakaondoka na kiu yao.

Alfajiri sasa alisaga Gaudensi mwenyewe. Adela alipewa Jumamosi tu, na unga wa Gaudensi polepole uliacha kuwa changarawe. Kila jioni alimsimamisha mkewe mbele ya ukuta wa nyumba. Daktari alikuwa ameagiza kwamba vidole vya mkono ule vipande ukutani kama buibui, kila siku juu kidogo, ili mkono usikakamae. Gaudensi aliweka alama ya mkaa pale vidole vilipofika.

"Inauma," Bertilla alisema siku moja. "Niache."

"Daktari alisema itauma. Jana ulifika hapa."

"Jana ilikuwa jana!" Alishusha mkono, akaegemea ukuta. Machozi yalimtoka. "Unahangaika bure. Umebaki na nusu mke."

"Nusu gani?" Gaudensi aliuliza. "Huyu ninayegombana naye kila jioni ni mzima kabisa."

Bertilla alicheka bila kutaka, katikati ya kulia. Kisha akaurudisha mkono ukutani. Adela, aliyekuwa akiosha vyungu, aligeuza uso ili wasimwone anavyotabasamu.

Mwezi wa saba, baridi imekaza na mahindi yakisubiri kuvunwa, Stefania alikuja asubuhi moja. Bertilla na Adela walikuwa wakipukuchua maharage juani. Stefania alipiga magoti, akasalimu, akaulizia mkono, akazungumzia baridi, akazungumzia bei ya chumvi dukani, akarudi tena kwenye baridi. Bertilla alimtazama.

"Stefania, una nini?"

"Sina kitu." Aliokota ganda la maharage, akalikunja. "Ule uvimbe wako, Mama Alois. Ulianzaje?"

Bertilla aliacha maharage. "Wako uko wapi?"

Stefania aliweka mkono chini ya titi lake la kulia. "Mdogo tu," alisema haraka. "Wala hauumi. Nilifikiri nimalize kwanza mahindi, halafu..."

Bertilla alisimama. Akafungua nguo yake, pale pale juani, akawaonyesha. Hata Adela hakuwahi kuona. Upande wa kushoto ulikuwa bapa, na kovu refu lilipita kutoka kifuani mpaka karibu na kwapa. Stefania alifunika mdomo kwa kiganja.

"Tazama vizuri," Bertilla alisema. "Kidonda si kizuri kukitazama, lakini kimepona, na mimi nipo. Mimi nilisema mpaka matuta yaishe, wewe unasema mpaka mahindi yaishe. Kazi ya shamba haiishi, mwenzangu, sisi ndio tunaoisha. Pengine wako si kitu. Sista atakuambia si kitu, na utarudi kuvuna unaimba. Lakini mimi na wewe hatuna macho ya kuona ndani, na kutouma si kupona. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Alijifunga nguo, akamgeukia binti yake. "Na wewe, Adela. Siku ile uliposema nilikukasirikia. Nilikosea. Nilikufunga mdomo kwa sababu ya aibu yangu, ukajitesa kwa kazi isiyoweza kuniponya. Kufanya kazi kwa bidii ni kuzuri, lakini bidii haiponyi ugonjwa usiopelekwa kwa mganga wake. Kama ungeendelea kunitii, leo ungekuwa huna mama. Mtu akikuambia ufiche jambo linaloharibu mwili wake, hata akiwa mzazi wako, mtafute mtu mzima unayemwamini, umwambie. Huko si kukosa adabu."

"Ndiyo, mama," Adela alijibu. Hofu kwamba alimsaliti mama yake, aliyokuwa ameibeba tangu mwezi wa pili bila kumwambia mtu, ilimtoka kifuani.

"Basi tutakwenda kesho?" Stefania aliuliza.

"Leo."

"Mume wangu hajui."

"Tutampitia shambani. Naye aje, akazungushe kofia mlangoni kama wenzake." Bertilla aliita kuelekea uani, "Baba Alois! Njoo umalizie maharage!"

Gaudensi alitokea, akamtazama mkewe, akamtazama Stefania aliyekuwa ameinamisha uso. Angeweza kumkumbusha kicheko chake. Badala yake aliketi kando ya Adela, akavuta ungo karibu, akaanza kupukuchua.

Stefania aliposimama alitafuta pa kushika. Bertilla alimpa mkono wake wa kushoto, akamwambia asiuvute sana, wakashika njia ya kwa Sista.